Kakao na kahawa ya Beni mbele ya mnunuzi mpya

Biashara kati ya kampuni na kampuni, yaani ile ambayo mnunuzi hanunui kwa matumizi yake bali ili asindike au auze tena, hutofautiana na ya dukani kwa kuwa anayeshawishiwa ni ofisi nzima, yenye mhasibu, mwanasheria na mwonjaji, na kila mmoja ana swali lake.

Mnunuzi wa namna hiyo ndiye anayekabiliwa sasa na wakulima wa Beni, mashariki mwa Kongo. Kwa miaka mingi kahawa yao ya miteremko ya Ruwenzori iliuzwa kwa mazoea: mkulima aliikausha nyumbani, mchuuzi akaikusanya bila kujali ubora, na nyingi ikavushwa kimagendo kwenda Uganda, ambako ilichanganywa na nyingine na kupoteza jina la kwao. Wakaangaji wa Ulaya walipoanza kutafuta kahawa bora, ambayo waonjaji huipa alama 80 au zaidi kati ya 100, mazoea hayo hayakufaa tena. Koperative kama Kawa Kanzururu zilijenga vituo vidogo vya kuoshea, ambako matunda mekundu yaliyoiva humenywa, huchachushwa, huoshwa na kukaushwa kwa uangalifu, na sampuli humfikia mnunuzi kabla bei haijapatanwa. Sampuli hiyo hushawishi kuliko tangazo lolote.

Kwa kakao, na hata kwa kahawa yenyewe, jambo limekwenda mbali zaidi. Sheria ya Umoja wa Ulaya namba 2023/1115, ingawa utekelezaji wake umeahirishwa zaidi ya mara moja, inamtaka mwagizaji athibitishe kwamba zao halikutoka kwenye ardhi iliyofyekwa msitu baada ya tarehe 31 Desemba 2020, na aonyeshe kwa vipimo vya ramani mahali shamba lilipo; lile linalozidi hekta 4 huchorwa mipaka yake yote. Kwa hiyo kazi ya muuzaji sasa huanzia shambani, katika kupima, kuandikisha wakulima na kutunza kumbukumbu za magunia. Huko Beni, inayopakana na Hifadhi ya Virunga, na ambako mauaji yaliyoanza Oktoba 2014 yamewakimbiza wakulima wengi huku mazao yao yakivunwa na wengine, kumbukumbu hizo humlinda pia mwenye shamba.

Hata hivyo, si haki gharama yote ya kazi hiyo ibebwe na wakulima, na inafaa itajwe katika mkataba. La msingi zaidi ni nani anashika ramani: zikibaki mikononi mwa msafirishaji peke yake, koperative haiwezi kumwendea mnunuzi mwingine bila kuanza kupima upya.