Bomba Kuukuu la Majitaka katika Miteremko ya Gusii

Katika nyumba nyingi za zamani, bomba la majitaka, yaani lile linalochukua maji ya choo, bafu na jikoni hadi kwenye mtaro mkuu wa umma au tangi la septiki, lilijengwa kwa vipande vifupi vya udongo wa kuchoma vilivyoungwa kwa saruji, na uharibifu wake huanzia kwenye viungo hivyo. Mizizi ya mikaratusi, miti iliyopandwa kwa wingi kote katika nyanda za Gusii, yaani Kisii na Nyamira, huufuata unyevu hadi kwenye ufa mwembamba, ikaingia, kisha ikanenepa ndani hadi kipande kikapasuka. Fundi anayezibua kwa waya na kuondoka ameikata mizizi tu. Kiungo kibovu kimebaki, na mizizi itarudi.

Ugumu wa pekee wa nyanda hizi ni kwamba mahali panapoonekana maji machafu mara nyingi huwa si mahali palipovunjika bomba. Mvua hapa hupita milimita 1,500 kwa mwaka, udongo mwekundu ni wa kina kirefu na hupitisha maji, na makazi yamekaa juu ya miteremko ambayo chini yake hutoka chemchemi zinazotegemewa na familia nyingi. Majitaka yanayovuja mgongoni mwa kilima yanaweza kuibukia katika shamba la jirani, au yasionekane kabisa, dalili pekee ikiwa ni ukanda wa nyasi za nepia uliositawi kuliko zilizouzunguka.

Kwa hiyo upimaji hutangulia uchimbaji. Bomba huzibwa kwenye mdomo wake wa chini ndani ya chemba, yaani kisanduku cha ukaguzi chenye mfuniko, kisha hujazwa maji safi hadi kwenye chemba ya juu na kimo chake hutiwa alama. Kimo kikishuka upesi, ufa umo kati ya chemba hizo mbili. Zoezi hilo hurudiwa kipande kwa kipande, na humwokoa mwenye nyumba asifukue ua mzima.

Mtaro unaochimbwa kulifikia bomba, ukiwa na kina kinachozidi takriban mita 1.2, haufai kuingiwa bila mbao za kuzuia kingo, hasa baada ya mvua, kwa maana mita moja ya ujazo ya udongo huwa na uzito unaozidi tani moja na nusu. Tangi la septiki lisiingiwe kabisa: hewa ya salfaidi ya haidrojeni hulemaza pua kabla ya kuua, hivyo kutosikia harufu si dalili ya usalama.

Bomba jipya la PVC la milimita 110 huungwa na lile la udongo kwa kiungo cha mpira kinachokazwa kwa mikanda ya chuma, kwa sababu saruji haina unyumbufu na hupasuka tena ardhi ikisogea. Mteremko wa 1 kwa 40, yaani kushuka sentimita 25 katika kila mita 10, hutosha. Wako wanaoamini kwamba kilima hufanya kazi yote. Ukweli ni kwamba bomba lililolazwa kwenye mteremko mkali huteleza polepole na kuchomoka kwenye viungo, kwa hiyo huhitaji kushikiliwa kwa vitalu vya zege. Bomba hulazwa juu ya mchanga, hupimwa tena kwa maji, kisha hufunikwa kwa udongo usio na mawe kabla ya mtaro kufukiwa.

Mwenye nyumba huweza kuyafanya haya ndani ya kiwanja chake, lakini kiungo na mtaro mkuu, unaopeleka majitaka ya mji wa Kisii kwenye mabwawa ya kusafishia ya Suneka, hakiguswi bila idhini ya Kampuni ya Maji na Usafi ya Gusii, GWASCO. Sehemu kubwa ya Nyamira hutegemea mashimo ya choo na matangi ya septiki, na huko bomba lililotengenezwa vizuri halina faida ikiwa tangi lenyewe limejaa au linavuja.

Udongo uliokwisha kulowa majitaka hausafiki siku bomba linapofungwa. Chemchemi iliyo chini ya ufa huendelea kupokea vijidudu kwa muda, na wanaoteka maji humo huhitaji kuyachemsha mpaka sampuli ipimwe katika maabara.