Bunduki ya babu iliyo vipande: mtego kwa mkusanyaji chipukizi

Kijana wa Kegonga, katika Kaunti ya Migori, anayefungua kasha la marehemu babu yake na kukuta kitako cha mbao, mtutu ulioshika kutu na bolti iliyoviringishwa kwa kitambaa, huenda akadhani amepata kumbukumbu ya familia tu. Akiwa mpenzi wa vitu vya kale, hamu ya kuviunganisha vipande hivyo upya haitakawia kumwingia. Machoni pa sheria, hata hivyo, tayari ana bunduki mkononi kabla hajakaza skrubu ya kwanza.

Sheria ya Silaha, Sura ya 114 ya Sheria za Kenya, haimruhusu mtu kununua, kupata wala kuwa na bunduki au risasi pasipo cheti. Aidha, neno bunduki katika sheria hiyo linajumuisha sehemu zake. Urithi nao si kinga, kwa kuwa silaha haipiti kutoka kwa baba hadi kwa mwana kama ng'ombe au shamba. Maombi ya cheti hushughulikiwa na Bodi ya Leseni za Bunduki, na anayepuuza utaratibu huo anajitafutia kifungo.

Ukali huo una sababu zake, hasa Kuria. Tangu enzi za jeshi la King's African Rifles, lililoundwa mwaka wa 1902, uaskari umekuwa kazi ya heshima kwa Wakuria wa pande zote mbili za mpaka. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 baina ya Tanzania na Uganda vilipokwisha, baadhi ya silaha ziliingia vijijini. Mwanaanthropolojia Michael Fleisher, aliyechapisha utafiti wake kuhusu Wakuria wa Tarime mwaka wa 2000, alionyesha jinsi bunduki na soko la nyama zilivyougeuza wizi wa mifugo kuwa biashara ya kumwaga damu. Katika mazingira hayo, afisa wa polisi anayekuta mtutu chini ya kitanda hana sababu ya kuamini kwamba mwenyewe anapenda historia tu.

Tuseme basi kwamba kibali kipo. Je, mwanagenzi aunganishe mwenyewe? Bunduki ambayo wazee wengi wanaikumbuka ni Lee-Enfield ya Waingereza, yenye risasi za inchi .303 na kikasha cha kubeba risasi kumi. Ukiitazama, yaonekana mashine nyepesi kuelewa. Lakini bolti yake ililinganishwa kiwandani na mwili wa bunduki moja mahususi, na ndiyo maana nambari ileile hugongwa kwenye vyote viwili. Katika toleo la Nambari 4, vichwa vya bolti vilitengenezwa kwa vipimo vinne, kuanzia 0 hadi 3, ili fundi wa jeshi achague kinachofaa.

Nafasi iliyo nyuma ya risasi ikizidi hata kidogo, ganda laweza kupasuka na hewa yenye moto ikarudi usoni mwa mfyatuaji. Vipande vilivyookotwa huku na kule vinaweza kuingiana vizuri na bado vikaua. Kutu ndani ya mtutu na risasi za miaka mingi huongeza hatari hiyo. Kazi hiyo ni ya fundi wa silaha aliyeidhinishwa na mwenye vipimo, si ya mtu mwenye bisibisi na mafuta ya taa.

Jambo linalosikitisha ni kwamba sheria ya mambo ya kale haisaidii sana. Sheria ya Makavazi na Turathi ya mwaka wa 2006 huhesabu kifaa kuwa cha kale ikiwa kilitengenezwa au kuletwa Kenya kabla ya 1895. Lee-Enfield fupi ya Vita vya Kwanza vya Dunia ni changa mno kwa kipimo hicho, japo huenda ilishuhudia mapigano ya Kisii ya Septemba 1914. Silaha nyingi zinazosalimishwa huishia motoni. Mwaka wa 2016 serikali iliteketeza zaidi ya 5,000 huko Ngong. Hatua hiyo ilifaa kwa usalama. Hata hivyo, mzinga wa manowari ya Kijerumani Königsberg, uliotolewa mtoni Rufiji mwaka wa 1915 na kukarabatiwa Dar es Salaam, ungali ukitazamwa na wageni Fort Jesus, Mombasa. Silaha ya vita inaweza kuhifadhiwa bila kumtisha mtu.

Kwa aliye na vipande nyumbani, njia salama ni kuviacha vilivyo na kumwarifu chifu au kituo cha polisi mapema, ikiwezekana akiandamana na wakili au mzee wa ukoo, badala ya kuvibeba barabarani. Apige picha za nambari na mihuri iliyogongwa kwenye chuma na kitako, kwani mihuri hiyo aghalabu hutaja kiwanda na mwaka. Kisha aandike anachojua kuhusu babu: kikosi chake, miaka aliyotumikia na nchi alikopigana. Anaweza pia kuyaandikia Makavazi ya Kitaifa kuuliza kama yangependa kukipokea kifaa hicho kikiwa kimelemazwa na wataalamu. Picha, barua za kustaafu na nishani za babu, hizo hazihitaji cheti.