Yai lililoatamiwa na bata si chakula

Msomaji, huenda una mzazi au ndugu kule Migori au Homa Bay ambaye hufuga bata kando ya mto au karibu na Ziwa Viktoria. Ukimtumia pesa aongeze idadi yao, umefanya jambo jema. Lakini pamoja na pesa hizo, mtumie pia ushauri huu.

Bata wa kawaida huatamia siku 28, na wale wakubwa wenye ngozi nyekundu usoni siku 35. Baada ya juma moja hivi, mfugaji huyamulika mayai kwa tochi gizani. Yai lenye uhai huonyesha mishipa ya damu. Lisilo na kitu hung'aa tupu, nalo huondolewa.

Je, yai hilo huenda wapi? Katika baadhi ya nyumba hupikwa, maadamu halinuki. Hilo ni kosa. Yai hilo limekaa juma zima katika joto la mwili wa ndege, na joto hilo ndilo linalostawisha bakteria wanaoitwa salmonela. Lifukie.

Bata anaweza kubeba salmonela bila kuonekana mgonjwa. Isitoshe, hutaga penye tope na kinyesi, na ganda la yai lina vitundu vidogo sana vinavyopitisha vijidudu, hasa likilowa. Nchini Uingereza mwaka 2010, watu kadhaa waliugua salmonela katika mkurupuko uliohusishwa na mayai ya bata.

Salmonela hawa si wale wa homa ya matumbo, ambao hutoka kwa binadamu. Mtu mzima mwenye afya huhara, hutapika na kupata homa, kisha kwa kawaida hupona baada ya siku chache. Lakini kwa mtoto mchanga, mtoto aliyedhoofishwa na malaria au utapiamlo, au mtu mwenye virusi vya Ukimwi asiyetumia dawa, vijidudu hivyo vinaweza kuingia katika damu na kuua.

Hata hivyo, usimnyime mtoto yai. Mayai mabichi ya kula yaokotwe kila asubuhi na kupanguswa kwa kitambaa kikavu. Yapikwe mpaka ute na kiini vigande kabisa. Bata wasiingie jikoni wala mahali mtoto anapotambaa, na kila aliyeshika kifaranga anawe mikono kwa sabuni.

Mtoto akihara na kuwa na homa, mpe maji ya chumvi maalumu yanayotolewa katika zahanati, uendelee kumnyonyesha, na umpeleke hospitali upesi. Usiridhike kwamba ni malaria tu. Mwambie daktari kuwa nyumbani kuna bata, kwani neno hilo linaweza kumfanya aagize damu ichunguzwe mapema.