Rekodi nane za manete za kutikisa, kwa kipimo cha Kasungami

Mchezo wa video wa kukaa hauna makuu: kiti, skrini, na vidole gumba viwili. Mchezo wa kuchezwa kwa mwili mzima unataka sakafu, umeme na majirani wavumilivu. Ndiyo maana mashindano haya ya Nintendo, Sony na Microsoft tunayaamua tukiwa Kasungami, komini ya Annexe, Lubumbashi, ambako chumba cha mbele kinaweza kuwa cha wageni mchana na cha kulala watoto usiku, na umeme wa shirika la SNEL huja na kuondoka.

1. Kongwe: Le Stick (1981)
Miaka 25 kabla ya Wii ya Nintendo, kampuni ya Datasoft ya Marekani iliuza kijiti cha Atari 2600 kisichokuwa na kitako. Ndani yake mlikuwa na swichi za zebaki. Ukikiinamisha, zebaki inatiririka, inaunganisha umeme, na mchezo unasogea. Hakikujua umeinamisha kwa kasi gani. Kilijua umeinamisha tu. Wazo lilikuwa sahihi, ila vihisi vyenye akili vilikuwa havijazaliwa.

2. Iliyoingia nyumba nyingi: Wii
Ilianza kuuzwa Marekani tarehe 19 Novemba 2006 kwa dola 250, na mchezo wa Wii Sports ukiwa ndani ya boksi. Manete yake (kidhibiti cha kushika mkononi) ilibeba akselerometa, yaani kihisi kinachopima jinsi mkono unavyochapuka na kupunguza mwendo. Aliyewahi kurusha jiwe alijua tayari namna ya kuicheza. Ziliuzwa Wii zaidi ya milioni 101, na nakala za Wii Sports zikakaribia milioni 83. Hata ubao wake wa kusimamia, ule wa Wii Fit, uliingia kitabu cha Guinness kama mzani wa nyumbani uliouzwa kuliko yote: zaidi ya milioni 32.

3. Iliyoruka vibaya: Wii hiyohiyo
Sifa haziji bila dosari. Wachezaji walitikisa kwa hamasa, kamba ya mkononi ikakatika, manete ikapaa hadi kwenye televisheni. Desemba 2006, mwezi mmoja tu baada ya uzinduzi, Nintendo ilitangaza kubadilisha kamba milioni 3.2 bila malipo. Unene wa uzi ulipanda kutoka milimita 0.6 hadi 1. Penye televisheni moja inayotazamwa na lupango (ua) zima, nyongeza hiyo ya milimita 0.4 ina thamani kuliko michoro yote ya kupendeza.

4. Iliyouzwa mbiombio: Kinect
Microsoft iliitoa tarehe 4 Novemba 2010 kwa dola 150. Haikuwa na manete hata moja: kamera na miale ya infraredi viliuchora mwili wako kuanzia kichwani hadi miguuni, viungo 20. Katika siku 60 ziliondoka milioni 8, wastani wa 133,333 kwa siku. Guinness ikaitambua kuwa kifaa cha kielektroniki kilichouzwa kwa kasi kuliko vyote.

Lakini ilidai karibu mita 2 za sakafu tupu kwa mtu mmoja, na zaidi kwa wawili. Chumbani kwetu, hiyo maana yake ni kutoa meza, viti na mgeni. Isitoshe, michezo yake ya mwanzo ilimpenda mtu aliyesimama wima. Desemba ya mwaka huohuo, huko Abu Dhabi, TP Mazembe ya Lubumbashi ilikuwa timu ya kwanza ya Afrika kufika fainali ya Kombe la Dunia la Klabu, na kipa wetu Kidiaba akawaonyesha walimwengu namna ya kushangilia kwa kurukaruka juu ya makalio. Kifaa kilichojua viungo 20 hakikutayarishwa kwa shangwe ya Lubumbashi. Mbio za sakafuni huishia ukingoni: Oktoba 2017 Microsoft ilithibitisha kwamba haitaitengeneza tena.

5. Yenye shabaha: PlayStation Move
Sony ilikuja Septemba 2010 na manete yenye tufe linalowaka. Kamera inalipima tufe: likionekana kubwa, mkono uko karibu; likionekana dogo, uko mbali. Jairoskopu (kihisi cha mzunguko) na akselerometa zinakamilisha hesabu. Tufe hubadili rangi lisifanane na pazia au fulana iliyo nyuma yako. Wii ilikuwa imejitahidi mwaka 2009 kwa kuongeza jairoskopu kupitia kifaa cha MotionPlus, lakini kwa kujua mkono uko wapi hasa, Move ndiyo iliyoshinda. Kwenye soko, shabaha hiyo haikuleta umati.

6. Yenye njaa ndogo ya umeme: Wii tena
Wii ikichezwa hula takriban wati 18. PlayStation 3 za kwanza zilikaribia wati 200. Kwa nyumba yenye paneli ya jua na betri ya gari, hapo ndipo shindano linapoamuliwa. Na kile kijiti cha Wii kinachowekwa juu ya televisheni hakihisi chochote. Kinatoa nukta mbili za mwanga wa infraredi tu, na mishumaa miwili inaweza kushika nafasi yake. Basi tu: Kasungami mishumaa ikiwaka, ni kwa sababu umeme umekatika, na Wii yenyewe imelala.

7. Iliyozeeka vizuri: bado Wii
Mchezo wa dansi Just Dance 2020 ulitoka pia kwa Wii mnamo Novemba 2019, miaka 13 baada ya mashine hiyo kuanza kuuzwa. Kinect ilikuwa imekwisha kuzikwa.

8. Ya nyumbani: kilicho ndani ya betri
Move na manete za Joy-Con za Nintendo Switch zina betri za lithiamu, aina ya betri iliyoifanya kobalti kutafutwa duniani kote. Na zaidi ya asilimia 70 ya kobalti inayochimbwa duniani hutoka Kongo, hasa majimbo ya Lualaba na hapa Haut-Katanga. Manete ya Wii inatumia betri mbili za AA, kama za tochi na redio. Betri za AA za alkali zina zinki, na kilomita 30 hivi kutoka Lubumbashi uko Kipushi, mgodi wenye zinki nono kuliko karibu migodi yote duniani, uliofungwa mwaka 1993 na kuanza kuzalisha tena mwaka 2024.

Kwa kipimo cha Kasungami, basi, Wii inachukua kombe kwa kudai kidogo: nafasi kidogo, umeme kidogo, na betri za dukani. Ila udongo wetu ulikwisha kuingia mchezoni kabla hatujaambiwa tushike manete.