Mashine Inayotekenya

Katika wodi moja niliyowahi kufanyia kazi palikuwa na mashine ya kufyonza makohozi ambayo wauguzi waliipa jina la “Mtekenyaji”. Ukiigusa kwa mkono mkavu, ilitekenya vidole tu. Waya wake, uliochanika karibu na plagi, ulikuwa umezungushiwa plasta ya kidonda. Asubuhi moja muuguzi aliyetoka kunawa mikono aliishika, akarushwa hadi ukutani. Alipona, ila kiganja kilibaki na kovu.

Kati ya mtekenyo na mauti pana hatua chache. Mkondo wa takriban miliampea 1 huhisiwa kama mtekenyo. Ukifika 10 hadi 20, misuli hukaza, na mtu hushindwa kuachia alichokishika. Ukizidi 50 na kupita kifuani, waweza kuvuruga mapigo ya moyo. Ngozi kavu huuzuia mkondo kwa kiasi kikubwa, iliyolowa huupisha. Na hospitalini, nani asiyenawa mikono?

Hapa Tanzania, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 humtaka mwajiri ahakikishe kuwa mitambo na vifaa ni salama na vinatunzwa. Upande wa pili wa sheria hiyo hatuusomi sana: mfanyakazi naye ana wajibu wa kutoa taarifa ya hatari aionapo. Sote tuliolicheka jina la mashine ile, nami nikiwamo, tuliukiuka wajibu huo.

Kumdokeza fundi wa vifaa tiba anapopita koridoni hakutoshi. Taarifa iandikwe, na tarehe yake; mashine ichomolewe, ibandikwe karatasi ya “Usitumie”, kisha itolewe wodini. Ikiachwa pale pale, wa zamu ya usiku ataiwasha. Najua jibu la wodini: mashine ni hiyo moja, na mgonjwa anapaliwa. Ni jibu zito, lakini linamwelekea mwajiri. Pampu ya kufyonza kwa kukanyaga haihitaji umeme, na ingekuwapo kabatini.

Nawe mgonjwa, kitanda au mashine ikikutekenya, mwite muuguzi papo hapo wala usione haya. Aliyewekewa mpira uliofika hadi moyoni aweza kudhuriwa na mkondo mdogo mno, ambao hata mkono wa muuguzi hauuhisi.