Chumba cha Kulala si Ghala

Mgeni afikaye katika nyumba za Uvira, tangu Kavimvira hata Kalundu, hupokewa sebuleni kwa heshima. Viti vimefunikwa vitambaa vyeupe vilivyofumwa kwa mkono wa mama wa nyumba, ukutani imetundikwa picha ya arusi, na sakafu imefagiwa tangu alfajiri. Lakini pazia la mlango wa pili halifunuliwi. Nyuma yake hulala baba, mama na mtoto mchanga. Na humo humo limo gunia la makaa, gunia la unga wa muhogo, mabidoni ya maji, baiskeli isiyo na gurudumu, masanduku matatu na kamba iliyolemewa na nguo. Sebule ni ya mgeni wa saa moja. Katika chumba cha kulala mwanadamu hupitisha karibu theluthi ya maisha yake, nacho ndicho kinachotunzwa kidogo kuliko vyote.

Hatusemi hivi ili kumwaibisha mtu. Nyumba nyingi zina vyumba viwili tu, na wezi hawaachi hata sufuria ugani. Lakini twadhani ya kuwa nusu ya vitu vilivyomo chumbani havikuwekwa kwa sababu ya wezi, bali kwa sababu hakuna aliyepata moyo wa kuvitoa.

Maandiko Matakatifu yanatupa mfano ulio wazi. Katika Kitabu cha Pili cha Wafalme twasoma habari za mwanamke wa Shunemu, mtu mwenye mali, aliyemshauri mumewe wamjengee nabii Elisha chumba kidogo juu ya nyumba yao. Alitia vitu gani ndani yake? Kitanda, meza, kiti na taa, vinne tu. Naye angaliweza kutia arobaini. Vilevile Mtakatifu Benedikto, alipowaandikia wamonaki wake kanuni katika karne ya sita, aliwapa kwa malazi mkeka, blanketi, shuka nzito na mto, tena akaagiza abate avikague vitanda mara kwa mara, asije mtu akaficha kitu chini yake. Tungependa kujua abate huyo angekuta nini chini ya vitanda vya Mulongwe!

Siku hizi matajiri wa Ulaya na Marekani hulipa fedha nyingi ili wapate chumba cheupe kisicho na kitu, nao huona ni ustaarabu mpya. Sisi wa pwani ya Tanganyika tuna sababu zetu, nazo hazikutoka katika magazeti ya urembo.

Sababu ya kwanza ni mbu. Mji wetu umebanwa kati ya milima ya Mitumba na ziwa, na upande wa kaskazini ni bonde la Ruzizi lenye mashamba ya mpunga na maji yaliyotuama. Mbu aletaye malaria huuma usiku. Mchana wengi wao hujificha penye giza, nyuma ya masanduku na katika nguo zilizotundikwa. Basi chumba kilichojaa vitu humpa adui maficho. Na lililo baya zaidi, humnyima mtoto chandarua, kwa kuwa chandarua chahitaji nafasi pande zote nne za kitanda. Penye magunia hadi ukutani mama hukifunga upande mmoja, kisha hukikunja, na mwisho hukiweka sandukuni. Wako wanaokipeleka ziwani kuvulia ndagala, nacho hukusanya hata samaki wachanga, na hivyo nyumba moja hupata hasara mbili.

Chandarua kipya kitandazwe kivulini siku nzima kabla ya kutumiwa. Jioni ncha zake zichomekwe chini ya godoro au mkeka. Kikichafuka, kifuliwe kwa sabuni laini, wala kisianikwe juani, maana jua huiharibu dawa iliyomo. Kikitumiwa vema chaweza kudumu kama miaka mitatu.

Sababu ya pili ni maji. Nani wa Uvira amesahau Aprili 2020, Mulongwe na mito mingine ilipofurika, ikaua makumi ya watu na kubomoa maelfu ya nyumba? Ziwa nalo lilipanda mwaka 2021, na tena mwaka 2024, likaingia katika nyumba zilizo karibu na ufuko. Tena mwaka 2025 jamaa nyingi ziliikimbia vita zikavuka mpaka kwenda Burundi. Saa kama hiyo mtu hana nafasi ya kuchagua kati ya masanduku matatu. Huchukua mtoto, na kitu kimoja kilicho karibu na mkono wake.

Kwa hiyo twawashauri hasa vijana wanaojiandaa kufunga ndoa. Tumeona mara nyingi bwana arusi akikopa fedha ili anunue kitanda kipana chenye kichwa kilichochongwa maua, ambacho seremala alikiungia ndani ya chumba kwa sababu hakikuweza kupita mlangoni. Siku ya mafuriko kitanda hicho hubaki majini, na deni hubaki kwa bwana. Mwambieni seremala atengeneze kitanda chepesi, kinachofunguliwa kwa bolti, chenye miguu mirefu kidogo. Na chini yake pabaki pakavu na peupe, ufagio upite. Sanduku moja la nguo latosha watu wawili, nalo liwekwe juu ya uchaga, si sakafuni. Cheti cha ndoa, kadi za ubatizo na karatasi za mtoto za zahanati zitiwe katika mfuko wa plastiki uliofungwa vema, utundikwe karibu na mlango.

Kuta zipakwe chokaa. Bei yake ni ndogo kuliko ya rangi, huongeza mwanga katika chumba chenye dirisha dogo, na humfanya mbu aonekane. Dirisha lenyewe litiwe wavu wa waya ili lifunguliwe bila hofu. Makaa na baiskeli vijengewe kibanda cha mabati ugani, chenye kufuli. Mbabula isiingizwe kamwe chumbani usiku, hata wakati wa mvua na baridi, kwa kuwa moshi wake usioonekana huua watu wakiwa usingizini. Kibatari nacho kisiwe karibu na chandarua. Ni afadhali taa ndogo ya jua, ambayo hata soko la Mulongwe laiuza.

Je, pasiwe na pambo lolote? Liwepo, lakini liwe moja. Misumari minne ni ya chandarua, wa tano uwe wa msalaba, au wa picha ya Wenye heri Luigi Carrara, Giovanni Didonè, Vittorio Faccin na Albert Joubert, waliouawa Baraka na Fizi tarehe 28 Novemba 1964, wakatangazwa hapa Uvira tarehe 18 Agosti 2024. Itundikwe upande ambao mtoto aliyelala chini ya chandarua aweza kuiona.