Utangulizi: Haidrojeni katika Usafishaji wa Mafuta

Gari la miraa linalotoka Maua likapita Meru, Chuka na Embu kuelekea Nairobi huchoma dizeli ambayo imekwisha kusafishwa kwa haidrojeni. Nakukaribisha, msomaji, uingie katika taaluma hii kupitia tangi la gari hilo.

Mafuta ghafi hutoka ardhini yakiwa na salfa. Salfa hiyo ikiungua kwenye injini, moshi wake huwasha kifua. Kuchemsha na kutenganisha mafuta hakutoshi kuiondoa, maana imeshikamana na kaboni ndani ya molekuli yenyewe. Kwa hiyo mafuta hupashwa moto hadi nyuzi 350 hivi za Selsiasi, yakachanganywa na haidrojeni kwa shinikizo kubwa, kisha yakapitishwa kwenye punje za alumina zenye kobalti na molibdeni. Juu ya punje hizo haidrojeni huing'oa salfa na kuondoka nayo ikiwa gesi yenye harufu ya mayai viza. Gesi hiyo ni sumu kali, hivyo hugeuzwa kuwa salfa ya manjano, malighafi ya viwanda vya mbolea. Kwangu mimi, hakuna hatua inayopendeza kuliko hii.

Shinikizo likiongezwa na kichocheo, yaani zile punje, kikibadilishwa, haidrojeni husaidia pia kuvunja mafuta mazito yawe dizeli na mafuta ya ndege. Mtambo wa Changamwe, Mombasa, uliofunguliwa mwaka 1963, haukuwa na uwezo huo, na sehemu kubwa ya mafuta ghafi ilibaki kuwa mafuta mazito ya bei ya chini. Uliacha kusafisha mafuta mwaka 2013. Mwaka 2015 Kenya ilishusha kiwango cha salfa kwenye dizeli kutoka sehemu 500 hadi 50 kwa kila milioni, na leo dizeli yote tunaipokea ikiwa imesafishwa ng'ambo.

Lakini wenyeji wa miteremko ya Mlima Kenya wana sababu nyingine ya kuisoma kemia hii: mukinduri, mti wa ua na kivuli ambao mbegu zake zina mafuta mengi. Mafuta ya mbegu yana oksijeni. Haidrojeni huiondoa, nyingi ikitoka kama maji, na kinachobaki ni minyororo mirefu ya kaboni kama ile ya dizeli. Tangu 2022 kampuni ya Eni hukamua mbegu huko Makueni, mukinduri ikiwa mojawapo, na kupeleka mafuta Gela, Italia, yakamalizwe kwa haidrojeni. Natamani wanafunzi wetu wa Meru na Embu waijue hatua hiyo ya mwisho vizuri kiasi cha kuweza kuiendesha hapa.

Haidrojeni yenyewe hupatikana wapi? Nyingi hutengenezwa kwa gesi asilia, na kila tani moja huacha tani kadhaa za kaboni dayoksaidi hewani. Inaweza pia kutolewa kwenye maji kwa umeme, na umeme wa jotoardhi tunao Olkaria. Gharama ya njia hiyo bado ni kubwa, na sura ya kwanza inaanza kwa kuipigia hesabu.